Mkanda wa Tatu Kutoka Kushoto

Magunga,
14 Julai 2024

Shangazi Celestine,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Mama analalamikia goti, lakini kila Jumapili anakwenda kanisani kwa miguu yake. Pikipiki hataki, anasema vijana wa boda hujisahau kwenye mteremko. Liz ni mzima, anakusalimu sana. Mvua imetuaga vizuri mwaka huu, nyasi zimefika kiunoni.

Barua yako ya Pasaka ilifika. Niliisoma nikairudia, kwa sababu umeniandikia kwa Kiswahili. Tangu nikiwa shuleni unaniandikia kwa Dholuo, hata ile barua ya pole baba alipofariki. Nilimuuliza Mama sababu, akasema nikuulize mwenyewe. Basi nakuuliza, na kwa heshima nakujibu kwa lugha uliyoianza.

Sasa jambo lenyewe. Ningepiga simu, lakini najua ile mashine ya kusaga kokoto kazini kwako imekula masikio yako, na simu yako ni kabambe, haipokei picha. Unakumbuka kiangazi tulichozika ng'ombe karibu wote, sisi na majirani. Baada ya hapo mimi na Liz tulinunua bela, mashine ya kufunga nyasi, kuukuu, kutoka shamba moja kubwa huko Uasin Gishu. Inafunga marobota ya duara. Ndani yake kuna mikanda sita ya mpira iliyolala sambamba, inazunguka juu ya rola. Nyasi zinaingia kwa chini, mikanda inazikunja kama mtu anavyokunja mkeka, robota linanenepa mpaka linafanana na tangi la maji, halafu linafungwa kamba na kutolewa kwa nyuma. Kila mkanda umeungwa ncha kwa ncha kwa klipu za chuma zilizo kama meno. Meno ya upande huu yanaingia katikati ya meno ya upande ule, kisha pini inapita ndani kama kwenye bawaba ya mlango.

Tabu yangu ni mkanda wa tatu kutoka kushoto. Unakatika hapo hapo kwenye kiungo. Nikiunga, unafunga marobota machache, unakatika tena. Klipu nilizonunua ni za aina moja, nyundo ni moja, mkono ni wangu. Mbona mingine inakaa? Majirani kutoka hapa hadi Sindo wamekata nyasi zao wananingojea, na nyasi zikinyeshewa zikiwa chini zinaoza.

Wewe umeunga mikanda ya kokoto miaka mingi. Nimekuwekea kipande kilichokatika ndani ya gunia linalokuja na barua hii, kitazame kwa mkono wako.

Ni mimi mwanao,
Cephas

*

Suna, Migori,
3 Agosti 2024

Mwanangu Cephas,

Gunia limefika salama pamoja na njugu za Liz, mwambie nimeshukuru. Mwambie mama yako goti akande kwa maji ya moto na aache ubishi. Hapa kuna vumbi jingi. Barabara mpya inataka kokoto, mashine haipumziki, nasi hatupumziki.

Kuhusu Kiswahili: mimi mashine nilijifunza kwa Kiswahili. Kiungo cha mkanda kwa Dholuo sijui kinaitwaje, na wewe hujui. Tuliache hilo.

Kipande chako nimekiweka mezani tukakitazama. Nilikuwa tayari kukulaumu kwa klipu, lakini Matiko alikigeuza akaona kwamba matundu yameraruka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Maana yake ncha hukuikata sawa. Bila shaka ulipima kutoka ukingoni. Ukingo wa mkanda wa zamani umeliwa, huo utakudanganya. Tafuta katikati ya mkanda mahali kadhaa, piga mstari mrefu hapo, halafu ncha uikate kwa kufuata mstari huo, iwe kama kona ya meza. Pembe mbili za ncha zipunguze kidogo ili zisikwaruze mkanda wa jirani. Matiko anasema pini usiweke nondo ngumu, weka waya wa kusokotwa, unaopinda pamoja na mkanda.

Nimekutumia kipande cha mkanda wetu wa kokoto, imara sana, kama unataka kuondoa sehemu yote mbovu. Matiko ndiye aliyekikata.

Jambo moja zaidi, na hili ulisome polepole. Kabla hujaingiza mkono ndani ya hiyo mashine, trekta izimwe, na ufunguo uwe mfukoni mwako wewe, sio mfukoni mwa dereva. Nimeona mkanda ukimchukua mtu. Sitakueleza ilivyokuwa.

Kaeni na amani,
Shangazi yako Celestine

*

Magunga,
30 Agosti 2024

Shangazi,

Tunaendelea vizuri. Mama amekanda goti, ubishi haujapona. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na Liz amempa jina lako. Usikasirike, ni kwa mapenzi.

Nimekata ncha kama ulivyonielekeza na nikashangaa jinsi ukingo ulivyokuwa ukinidanganya. Viungo vya mikanda mingine nilivyovirudia vimetulia. Lakini kile kipande chenu cha kokoto, Shangazi, kimetuaibisha mbele ya watu. Ni kinene. Kikifika kwenye rola ndogo ya mbele kinakataa kupinda, kinasimama wima, kisha kinaangukia upande wa pili kwa kishindo. Duke, kijana wa Kisii anayetuendeshea trekta, alisema bela imeshikwa na kikohozi. Tulikitoa kabla hakijavunja kitu.

Na mkanda wa tatu umekatika tena. Ncha zilikuwa sawa, pini ilikuwa ya waya. Siku hizi nikimaliza kazi nasimama tu kuutazama. Liz anasema ninautazama kuliko ninavyomtazama yeye. Ni mkanda wa mpira kama mwingine. Una nini?

Halafu Liz ameisoma barua yako na ana swali, nami nalileta kama lilivyo. Matiko ni nani?

Wako,
Cephas

*

Suna, Migori,
19 Septemba 2024

Mwanangu,

Mwambie ndama nimempokea. Hapa mvua fupi imeanza kunusa, kila mchana mawingu yanakuja upande wa Tanzania yanatutazama na kurudi.

Kuhusu kipande, nilikosea mimi. Mkanda wetu unazunguka ngoma kubwa kama pipa, wako unapita kwenye rola nyembamba. Sikuuliza unene wa rola zako, nikakutumia tu kwa sababu nilikuwa nacho. Kitumie kufunikia kuni.

Sasa sikiliza. Muda huu wote mimi na wewe tunauliza mkanda wa tatu una ugonjwa gani. Jana wakati wa chai Matiko aliuliza kitu kingine. Alisema, "Hiyo mingine mitano inafanya kazi gani?" Nikamwambia kazi ni ile ile. Akauliza nimejuaje. Nikaweka kikombe chini, nikaenda kutafuta karatasi ya kukuandikia.

Fanya hivi. Fungua bela ikiwa imezimwa, chukua chaki, piga mstari mmoja ulionyooka unaokatiza mikanda yote sita. Izungusheni kwa mkono mpaka mstari urudi, na tena, na tena. Mikanda yote inapita juu ya rola zile zile, kwa hiyo inakwenda mwendo mmoja. Kama ina urefu mmoja, mstari utabaki mstari. Kama mmoja ni mfupi, alama yake itatangulia mbele ya wenzake. Ikiwa hivyo, basi wa tatu hauna ugonjwa. Unavuta mzigo peke yake huku wenzake wamelegea.

Nitangoja jibu la chaki kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Matiko ni fundi wa mashine ya kokoto. Ni Mkuria, kwao ni Kehancha. Hiyo inatosha.

Salamu kwa wote,
Celestine

*

Suna, Migori,
9 Novemba 2024

Cephas,

Natumaini nyote ni wazima. Sisi tuko.

Oktoba yote imepita bila neno lako. Nilimtuma mtu stendi, kwenye magari yanayobeba barua zetu, aulize kama barua yangu ilifika Magunga, akaambiwa ilichukuliwa na mwanamke mrefu. Nadhani ni Liz. Wewe huwa unachukua mwenyewe na unaifungua kabla hujatoka stendi, mama yako aliwahi kunisimulia.

Nilipanda jiwe la pale juu ambapo simu hushika vizuri, nikakupigia. Liz alipokea. Nilisikia sauti yake lakini maneno sikuyashika, na nilipomwambia anipe wewe, simu ilikatika. Labda ni mtandao.

Mstari wa chaki ulikwenda vipi? Niandikie hilo tu kama mengine ni mazito.

Shangazi

*

Magunga,
28 Novemba 2024

Shangazi,

Samahani kwa kukawia. Kazi zilikuwa nyingi. Mwandiko uuvumilie, naandikia kwenye goti nikiwa shambani.

Mama ni mzima. Ndama anakua. Duke ameacha kazi, amerudi kwao Nyamira.

Chaki imesema. Tulizungusha, na mzunguko wa kwanza mstari ulionekana umenyooka. Baadaye alama ya mkanda wa tatu ikaanza kuchungulia mbele. Tukaendelea, ikawaacha wenzake kabisa. Liz aliutoa mkanda tukaulaza kwenye nyasi kando ya mwingine. Ni mfupi kwa upana wa kiganja. Kuna aliyeukata na kuuunga kabla haujatufikia, na hakuwaza mingine. Liz alicheka mpaka akaketi chini. Alisema maskini mkanda, tumeutukana miezi yote na ndio uliokuwa ukifanya kazi.

Nina maswali. Turefushe mfupi au tufupishe mirefu? Mtu anawezaje kuubana mkanda utulie mezani wakati wa kugongea klipu, ikiwa hana wa kumshikia? Kuna njia ya kuzibana klipu bila nyundo? Na pini, je, mtu anaweza kuiingiza kwa mkono mmoja?

Ni maswali tu.

Cephas

*

Suna, Migori,
12 Desemba 2024

Mwanangu Cephas,

Salamu nyingi kwako, kwa Liz na kwa mama yako. Krismasi inakaribia, na msimamizi amesema mashine itazimwa. Nitasikia ndege, kama bado wanalia.

Nianze na chuma. Refusheni mfupi. Mkifupisha mirefu mtakata mitano kwa kosa la mmoja. Tafuteni mkanda wa unene ule ule, sio kwangu, mkate kipande kirefu kama hatua ya mtu mzima. Kipande kifupi kitaleta viungo viwili karibu karibu na vitasumbuana juu ya rola. Kabla ya kukata, pimeni mkanda wote juu ya mwenzake, mhesabu na sehemu ya klipu.

Sasa barua yako. Wewe una mwandiko wa karani. Hata ulipoandika kwenye goti siku ya mazishi ya baba yako, ukipokea majina ya wageni, herufi zako zilisimama. Hizi zimelala zote upande mmoja na ni kubwa kama za mtoto. Unasema Liz aliutoa mkanda, wewe hukugusa. Unauliza habari za mtu asiye na mkono wa kushikia. Nilipomsomea Matiko alivua kofia akaiweka mezani, kisha akaenda karakana.

Najua ni vigumu kuanza, kwa hiyo nitaanza mimi.

Tangu Februari naishi na Matiko. Mke wake alifariki zamani, kama mume wangu. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi bila kuwaza lolote, kisha siku moja akaugua malaria, nikagundua siwezi kula. Sikukuandikia kwa sababu wewe ndiye mwenye boma sasa. Baba yako angekuwa hai ningemwambia, angenuna, angeacha. Lakini kumwandikia mtoto niliyembeba mgongoni kwamba nimepata mume mwingine, tena Mkuria, tena bila kuwauliza, kalamu ilinikatalia. Yeye Dholuo hajui, mimi Kikuria najua salamu. Nyumba yetu inasema Kiswahili, na barua zako tunazisoma pamoja. Ndio maana.

Katika gunia kuna mbao mbili zenye bolti na kikanyagio cha chuma. Vifungeni kwenye meza nzito. Mkanda unalala kati ya mbao na bolti zinaubana, hauhitaji wa kuushika. Klipu ukiziweka mahali pake unakanyaga kwa mguu, ubao wa juu unashuka na kuzibana. Pini inasukumwa kwa mkono wowote. Ni kazi ya Matiko, ameitengeneza akaivunja akaitengeneza tena.

Mimi nimesema langu. Nakungoja, na sina hasira.

Shangazi yako,
Celestine

*

Magunga,
6 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wa nyumbani kwako. Mama, Liz na ndama ni wazima.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, siku ambayo barua yako ya chaki ilikuwa bado njiani. Mawingu yalikuwa yamekusanyika na shamba la jirani halijaisha. Nyasi zilikwama mdomoni mwa bela. Nilimpungia Duke asimamishe trekta, akasimama, lakini shafti inayoizungusha bela ilikuwa bado inazunguka. Nilijua. Nilikuwa na maneno yako yote kichwani, hata yale ya ufunguo. Nilifikiri ni kuvuta shada moja tu. Nikavuta, na nyasi zikanivuta mimi.

Duke alizima haraka, ndio sababu mkono upo. Hospitali walifanya walivyoweza. Mkono wa kulia umebaki na kidole gumba na cha shahada. Duke hakukosa lolote, nilimwambia hivyo mara nyingi, lakini hakukubali tena kuikaribia bela, tukamwacha aende. Siku uliyopiga simu nilikuwa nimelala kando ya Liz. Nilimfanyia ishara akate. Ulinionya kwa maandishi, Shangazi. Ningekuambiaje?

Kwa muda nilitaka kuuza bela. Nilikuwa nikipita banda lake nageuza uso. Barua yako ya chaki Liz aliileta kitandani akanisomea, nami nikageukia ukuta. Kesho yake nilisikia chuma kikilia nje. Nilitoka nikamkuta na chaki mkononi, peke yake, anazungusha rola na kuhema. Aliniambia, "Mimi nataka kujua." Hakuniomba msaada. Nilisimama pale, na alama ilipoanza kutangulia nikajikuta nimeinama nayo mpaka kichwa changu kikagonga chuma. Jioni ile nilikula vizuri kwa mara ya kwanza.

Mbao zilipofika tulizifunga kwenye meza ya jikoni, kwa sababu ndiyo nzito, na Mama akapika nje. Mkanda wa kuongezea tuliupata kwa mkulima wa Kilgoris aliyekuwa na bela iliyokufa. Liz alipima na kukata. Halafu akaniachia meza, akaenda kukamua. Nilipanga klipu kwa mkono wa kushoto, nikakanyaga. Ya kwanza ilikaa kombo, nikaing'oa. Ya pili ilikaa. Nilipomaliza upande wa kwanza shati lilikuwa limelowa, na Liz alikuwa mlangoni na ndoo, sijui tangu saa ngapi. Aliitua ndoo chini. Pini niliisukuma mwenyewe.

Siku hizi Liz ndiye mwenye bela na mimi naendesha trekta, mkono wa kushoto kwenye usukani, kiganja cha kulia kwenye wenzo wa mafuta. Ufunguo unakaa shingoni mwa Liz kwa kamba. Tumefunga nyasi za kwetu na za majirani watatu, na mikanda yote sita imekaza sawasawa. Nikiigonga kwa fimbo inatoa sauti moja.

Habari zako nilimsomea Mama. Aliendelea kukanda goti, nami nikaogopa. Kisha akauliza swali moja tu, kama Wakuria wanakula samaki. Nilisema sijui. Akasema tutajua, na asubuhi akaagiza samaki aina ya ngege kutoka Sindo kwa ajili ya mwisho wa mwezi, kabla hata hatujawaalika. Kwa hiyo nawaalika. Mimi ndiye mwenye boma, kama ulivyosema, na nasema mje wote wawili. Ndugu walioniuliza mgeni ni nani nimewaambia ni ora, na ora hawekwi mlangoni.

Ukurasa huu wa mwisho mpe yeye.

Ora Matiko,

Mimi ni Cephas. Hilo neno muulize Shangazi, ndivyo tunavyomwita mume wa binti yetu. Asante kwa mbao. Nina swali, na hapa hakuna wa kunijibu. Shamba letu lina mteremko, na robota likitoka kwa nyuma halikubali kukaa. Jumamosi moja lilibingirika mpaka kwenye seng'enge za mbuga ya Ruma. Twiga watatu wakaja wakasimama ng'ambo, wakalitazama, wakatutazama na sisi. Liz anasema nigeuze trekta ikae kukatiza mteremko kabla ya kufungua bela. Mimi nasema tuchimbe mfereji. Mama anasema tuwaachie twiga. Wewe ungefanyaje?

Usiniandikie jibu. Njoo uutazame mteremko kwanza.

Cephas